Timu moja, kozi ya pamoja au miradi pacha? Njia tatu za kufundisha fikra za usanifu na wanafunzi wa nchi nyingine

Mwalimu akishampata mwenzake wa nchi nyingine aliye tayari kushirikiana naye, swali la kwanza huwa: tutumie programu gani? Naomba swali hilo lisubiri kidogo. Programu unaweza kuibadilisha katikati ya muhula na darasa lisiyumbe. Kitakachoamua kama wanafunzi watajifunza ni namna mtakavyogawana kazi: nani atakwenda kumwona mwenye shida, nani atatengeneza, na nani ataitazama kazi kwa macho mapya. Mgawo huo ukikosewa wiki ya kwanza, hakuna ubao wa mtandaoni utakaouokoa.

Nimefundisha somo hili chuoni kwa njia mbili kati ya tatu ninazozilinganisha hapa. Ya tatu nimeiona kwa karibu kwa mwalimu mwenzangu, ambaye tuliazimana hata ratiba. Njia moja ilinigharimu muhula mzima, na nitaieleza bila kuficha, kwa sababu ndiyo inayovutia zaidi ukiisikia mara ya kwanza.

Tuelewane kwanza juu ya somo lenyewe. Fikra za usanifu (kwa Kiingereza design thinking) ni utaratibu wa kutatua shida kwa kuanza na mtu anayeipata. Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani kina taasisi ya somo hili iliyopewa jina la Hasso Plattner, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya SAP. Plattner huyohuyo ndiye aliyewezesha shule kama hiyo Potsdam, Ujerumani, na baadaye nyingine katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Hatua zinazofundishwa ni tano: kumwelewa mtu na hali yake, kuitaja shida yake kwa usahihi, kubunga bongo, kutengeneza mfano wa majaribio, kisha kuupeleka mfano huo kwa mtu yuleyule aujaribu.

Ukizitazama hatua hizo utaona kwamba ya kwanza na ya mwisho zinataka miguu. Lazima mtu atoke darasani. Tatu za katikati zinaweza kufanyika mbele ya skrini, hata watu wakiwa mabara tofauti. Ulinganisho wangu wote umesimama juu ya tofauti hiyo.

Kwa nini nasisitiza miguu

Mwaka 2007 wanafunzi wanne wa Stanford walipewa kazi ya darasani: kubuni mashine ya bei nafuu ya kuwatunza watoto njiti katika nchi maskini. Mmoja wao aliposafiri hadi Nepal alikuta mashine za aina hiyo zipo hospitalini, tena zimekaa tupu. Watoto njiti walikuwa wanazaliwa vijijini, mbali na hospitali na mbali na umeme, na hukohuko ndiko walikofia. Timu ikaachana na wazo la mashine. Ikabuni kifuko cha kumlaza mtoto, chenye pakiti ya nta maalumu inayotunza joto kwa saa kadhaa bila umeme. Kifuko hicho ndicho kilichokuja kujulikana kwa jina la Embrace. Laiti wangeishia kuongea kwa video na daktari wa mjini, huenda wangetengeneza mashine nzuri ya kwenda kukaa tupu pembeni ya zile nyingine.

Taa za sola za d.light, zinazouzwa sana Kenya na Tanzania, zilitoka katika darasa hilohilo. Mmoja wa waanzilishi wake, Sam Goldman, alikuwa amewahi kuishi Benin na kuona mtoto wa jirani akiunguzwa na mafuta ya taa. Alipoingia darasani, shida alikuwa ameshaijua kwa jina na kwa sura.

Njia zenyewe

*Timu moja.* Wanafunzi wa nchi mbili wanachanganywa, kwa mfano watatu wa huku na watatu wa kule, na wanakuwa timu moja yenye mradi mmoja. Mfano unaojulikana zaidi ni somo la uhandisi la Stanford liitwalo ME310. Timu ya pale huungana na timu ya chuo cha nchi nyingine kwa mwaka mzima wa masomo, na kampuni huleta tatizo pamoja na fedha. Husahaulika kwamba fedha hizo ndizo zinazowawezesha wanafunzi kusafiri, wakaonana ana kwa ana na kutengeneza vitu wakiwa chumba kimoja. Sisi wengine huiga sehemu ya mtandaoni tu, tukashangaa matokeo hayaji.

*Kozi ya pamoja.* Walimu wawili wanachukua masomo yaliyopo tayari kwenye ratiba zao na kuyaunganisha kwa wiki kadhaa. Wanafunzi wanazoeana, wanafanya kazi moja ya pamoja, wanatafakari walichojifunza, kisha kila darasa linarudi kwenye njia yake. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilianzisha kituo maalumu cha ufundishaji wa namna hii mwaka 2006, na tangu hapo vyuo vingi duniani vimeufuata. Hauhitaji nauli wala mkataba mrefu. Unahitaji walimu wawili wanaoaminiana.

*Miradi pacha.* Mada ni moja, miradi ni miwili. Kila upande unamtafuta mtu wake mwenye shida, hapohapo karibu na chuo, na unatengeneza kitu chake. Kwa nyakati zilizopangwa, wanafunzi wanabadilishana picha, video fupi na maswali. Design for Change, iliyoanzishwa na Kiran Bir Sethi huko Ahmedabad, India, mwaka 2009, inakaribiana na mtindo huu kwa watoto wa shule. Watoto huihisi shida ya mahali pao, huwaza, hutenda, kisha husimulia, na masimulizi ndiyo yanayovuka mipaka.

Gunia la lumbesa

Mwaka wa kwanza nilichagua timu moja. Tuliunganishwa na darasa la chuo kimoja cha Ulaya, na mada ikawa mizigo: watu wanaobeba vitu vizito kila siku na namna ya kuwapunguzia mzigo. Mtu wetu akawa mbeba magunia wa sokoni, kwa sababu wenzetu waliona kwao hakuna shida "kubwa" kama hiyo. Mimi nilikubali haraka, na hapo ndipo nilipokosea.

Baada ya wiki mbili kazi zilikuwa zimejigawa zenyewe. Wanafunzi wangu walikwenda sokoni wakiwa na hojaji iliyotungwa Ulaya, wakajaza, wakatafsiri, wakatuma. Wenzao wakapanga majibu kwenye ubao wa mtandaoni, wakabunga bongo na kuchora. Mwishoni likatoka wazo la programu ya simu ya kumuunganisha mbeba mizigo na mteja. Ilikuwa imechorwa vizuri mno. Hakuna mbeba mizigo hata mmoja aliyeitaka, kwa kuwa wateja hawakuwa shida yao. Wateja wanawajua kwa majina.

Shida yao ilikuwa lumbesa. Kwa msomaji wa nje ya Tanzania: lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kipimo na kuongezewa kichwa juu, ili mnunuzi alipe gunia moja na kuondoka na zaidi ya gunia moja. Wakala wa Vipimo hulipiga vita kila mwaka, lakini bado lipo. Gunia la viazi la namna hiyo halina pa kushika. Wanafunzi wangu walilijua jambo hilo tangu utotoni. Hawakulisema kwa sababu hojaji haikuwa na nafasi yake, na kwa sababu hawakuona kama ni jambo la kusema. Waligeuka wakusanya taarifa katika nchi yao wenyewe. Liliniuma, na bado linaniuma, maana waliona wenzao ndio wasanifu na wao ni wakalimani.

Mwaka uliofuata nilimwomba yuleyule mwalimu wa Ulaya tubaki na mada hiyohiyo lakini twende kwa miradi pacha. Wanafunzi wake wakatafuta mtu wa kwao, wakampata bibi anayepanda ngazi hadi ghorofa ya nne na mifuko ya dukani, katika jengo lisilo na lifti. Wangu wakarudi sokoni, safari hii bila hojaji, na simu moja ya kurekodi.

Siku ya kubadilishana video, msichana mmoja wa kule aliuliza: kwa nini yule kaka analishika gunia kwa ncha za vidole? Darasa langu likanyamaza. Wote walikuwa wamemwona akifanya hivyo, ila hakuna aliyekuwa amemtazama. Kutokana na swali lile wakashona vishikio vya turubai vinavyopitishwa chini ya gunia. Walivijaribu mara nne hadi mbeba mizigo mmoja akagoma kuvirudisha. Upande wa pili, kijana wangu mmoja aliuliza kuhusu yule bibi: hana majirani? Wenzetu walikuwa wameanza kuchora kigari cha kupandisha ngazi. Wakakiacha, wakarudi kwa bibi kumuuliza anawajua akina nani katika jengo lile.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijaona mahali methali hiyo inapofaa zaidi kuliko hapa. Mwanafunzi wa nchi nyingine hawezi kumwona mtumiaji wako vizuri kuliko wewe uliye jirani yake. Anachoweza ni kuona kile ambacho mazoea yamekufichia.

Saa

Timu moja inataka vikao vya pamoja kila wiki, mara nyingine zaidi. Na Ujerumani tofauti yetu ni saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto, kwa hiyo inawezekana. Ila Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi, na wiki inayofuata nusu ya timu huchelewa. Na Japani ni saa sita: asubuhi yetu ni alasiri yao, si vibaya. Na California ni saa kumi au kumi na moja. Huko, kikao cha saa mbili asubuhi kwao wakati wa baridi ni saa moja usiku kwetu, mwanafunzi yuko njiani au anapika. Kwa mwenzi wa mbali namna hiyo sikushauri timu moja hata kidogo.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi wa Kiswahili. Mwanafunzi wangu alikubaliana na timu yake wakutane "saa nane", na katika ujumbe wa Kiingereza akaandika 8. Wenzake walingoja asubuhi, yeye akafungua kompyuta mchana. Tangu siku hiyo kila kikao kinaandikwa kwa mfumo wa saa 24 pamoja na majina ya miji yote miwili: 14:00 Dar es Salaam, 12:00 Berlin.

Kozi ya pamoja inahitaji vikao vichache vya moja kwa moja, vitatu au vinne, na kazi nyingine zote kila mtu anazifanya kwa wakati wake. Miradi pacha inaweza kwenda bila kikao hata kimoja, ingawa mimi huweka kimoja mwanzoni ili watu waonane sura na wacheke pamoja kidogo.

Lugha

Wengi hudhani Kiingereza kitamaliza kazi. Kinamaliza kazi ya mikutano. Hatua ya kwanza hufanyika kwa lugha ya mwenye shida, na katika timu moja kila neno la sokoni lazima livuke daraja kabla ya kufika mezani. Neno kama lumbesa likitafsiriwa "gunia lililojaa" limeshakufa njiani.

Ndiyo maana ningependa walimu wengi zaidi wafikirie nchi za jirani kabla ya kutafuta Ulaya. Darasa la Morogoro na darasa la Bukavu au Lubumbashi yanaweza kubunga bongo kwa Kiswahili, kila upande na lafudhi yake, hata kama ripoti moja itaandikwa kwa Kiingereza na nyingine kwa Kifaransa. Tofauti ya saa ni moja tu. Mombasa haina hata hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliipokea Kongo mwaka 2022, na ni aibu kwamba tunawajua wanafunzi wa Stanford kuliko wa Goma. Timu moja, ambayo nimeikosoa sana hapo juu, inakuwa na uzito mwingine kabisa pale ambapo timu yote inaweza kumsikiliza mama muuza mboga bila mkalimani. Mwalimu mwenzangu niliyemtaja mwanzoni alifanya kozi ya pamoja na darasa la Kenya kuhusu usafiri. Mabishano ya daladala na matatu, nani anajazwa zaidi na kwa nini kondakta anafanya vile, yaliwafundisha wanafunzi kutazama kuliko slaidi zangu zote.

Mtandao na vifaa

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na Uganda kwa siku kadhaa. Darasa la timu moja linalokutwa na jambo kama hilo wiki ya majaribio limekwisha. Miradi pacha inachelewa wiki moja, wanafunzi wakiendelea kushona na kukata kama kawaida.

Hata bila ajali ya nyaya, bando ni la mwanafunzi mwenyewe. Kikao cha video cha saa nzima, kila wiki, kamera zikiwa wazi, kinamtoa polepole yule asiyenacho, naye hatakwambia sababu. Atasema tu alikuwa na dharura. Picha ya ukuta uliobandikwa vikaratasi, ujumbe wa sauti wa dakika mbili na video ya sekunde 60 kwenye WhatsApp vinamfikia karibu kila mwanafunzi mwenye simujanja.

Kuhusu programu, sasa swali lake limefika. Zoom ya bure hukata kikao cha kundi kwenye dakika 40, jambo ambalo kwangu ni msaada kwa sababu linatulazimisha kuandaa ajenda. Miro ya bure, ambayo ni ubao wa mtandaoni wa kuandika na kuchora pamoja, inakupa mbao tatu za kuhariri, kwa hiyo darasa la timu kumi halitatosha humo bila kugawana. Jamboard ya Google, ubao mwingine wa mtandaoni ambao walimu wengi tuliipenda kwa urahisi wake, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2024. Chagua yoyote, ila kila baada ya kipindi piga picha ya kazi na uihifadhi mahali pengine.

Alama

Hapa ni pafupi. Katika timu moja mwanafunzi wako anaweza kushuka alama kwa sababu mwenzake wa mbali alikwenda likizo. Kalenda hazilingani: mwaka wa masomo wa Japani unaanza Aprili, muhula wa baridi wa Ujerumani unaanza Oktoba na masomo yake kuisha Februari, na shule za Kenya huanza Januari. Katika kozi ya pamoja na miradi pacha kila mwalimu anasahihisha wa kwake. Mimi hutoa alama kwa maswali ambayo mwanafunzi ameuliza kuhusu kazi ya wenzake, pamoja na mambo aliyobadilisha kwake baada ya kuulizwa.

Basi uchague ipi

Kama hii ni mara yako ya kwanza, darasa lina wanafunzi zaidi ya 30, au mtandao wa chuo hauaminiki, chukua miradi pacha. Ukikosea, hasara ni ndogo, na hata mwenzi akijitoa katikati wanafunzi wako wanabaki na mradi kamili mikononi. Udhaifu wake ni kwamba urafiki hauingii sana. Wanafunzi wanaweza kumaliza muhula wakizijua kazi za wenzao kuliko wenzao wenyewe.

Kozi ya pamoja naipendekeza kwa anayemjua mwalimu mwenzake vizuri, aliyewahi kufanya naye kazi hata ndogo. Inaleta uhusiano zaidi na inafundisha kukubaliana na mtu anayefikiri tofauti, jambo ambalo miradi pacha haifundishi vya kutosha. Sharti langu ni moja: hata kama kazi ni moja, kila darasa litafute watu wake wa kuwasikiliza, kisha mlinganishe mliyoyaona kabla ya kutaja shida.

Timu moja ichukue ukiwa na wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho na fedha za nauli kwa pande zote mbili. Upande mmoja tu ukisafiri, mtajua mapema nani mgeni na nani maonyesho. Njia hii inafaa pia ukiwa na mwenzi wa karibu mnayezungumza naye lugha moja. Fedha zikikosekana na lugha ikiwa tofauti, iache kwanza.

Kabla ya kukubali lolote, mwandikie mwenzako umwulize mambo matatu. Wanafunzi wako watakwenda kumwona nani, na watafika kwa miguu au kwa nauli ya kawaida? Mitihani na likizo zenu ni lini? Upande mmoja ukikosa intaneti wiki mbili, kazi itaendelea vipi? Akijibu la kwanza kwamba wanafunzi wake watategemea mahojiano yatakayofanywa na wa kwako, anzeni kuzungumza hapohapo, kabla hamjafungua ubao wowote.